Usiisimamishe Nguzo kwa Siri

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nyakahura wilayani Biharamulo, ila kwetu ni Rulenge, Ngara. Nina miaka 31 na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Kimo changu ni sentimita 162 na uzito umefika kilo 78. Nilipokuwa sekondari nilicheza netiboli hadi mashindano ya UMISSETA, lakini sasa nikienda kwetu nikapanda kilima cha kwenda kanisani nahema hadi watu wananigeukia.

Mwaka huu kijana mmoja wa hapa amefungua jimu nyuma ya gereji. Vyuma vyake ni mabomba yenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Naenda kila alfajiri kabla ya shule. Kilo hazishuki, ila mabega yameanza kujaa, na walimu wenzangu wananiambia nitageuka dume. Halafu nikaona kwenye simu wanawake wanaocheza kwenye nguzo ya chuma. Miili yao imekatika vizuri, na mmoja alisema siri yake ni kuchanganya vyuma na nguzo. Nimemwomba fundi wa kuchomelea anitafutie bomba. Nataka kulisimamisha stoo nifanye usiku mtoto akishalala.

Mama mkwe alikuja kutoka Benako akaiona ile video. Akasema huo ni uchezaji wa wanawake wa baa, akampigia mwanawe. Mume wangu ni dereva wa malori ya Dar na Kigali, nyumbani hupita kwa msimu. Alinijibu kwa neno moja: “Usithubutu.” Kinachoniuma ni kwamba nafanya haya yote kwa ajili yake. Nilimsikia akimwambia utingo wake kuwa alioa binti, sasa anarudi nyumbani anakuta mama mtu mzima. Nataka nifike kilo 60 kabla ya Krismasi, imebaki miezi miwili. Nakula mara moja kwa siku, jioni, na kunywa chai ya kupunguza mwili niliyoagiza kwa simu. Siku hizi nikisimama ghafla macho yanaona giza. Nifanyeje?

Mwalimu, Nyakahura

Mwanangu, barua yako nimeisoma yote, na nitaanza na sentensi uliyoiweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo: macho kuona giza unaposimama. Hilo ndilo la kwanza. Nguzo, vyuma, mama mkwe na mume vitakaa foleni nyuma yake.

Kizunguzungu cha namna hiyo kina sababu nyingi, na kwa mwanamke wa umri wako anayeishi Kagera, ya kuangaliwa mapema ni upungufu wa damu. Mkoa wenu una malaria, na malaria hula damu. Hedhi nayo huchukua yake kila mwezi, na anayekula mlo mmoja kwa siku hana cha kurudishia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliwakuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na upungufu wa damu. Nenda ukapime. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu. Hospitali ya Biharamulo ipo, na ukiwa umekwenda kwenu zipo Nyamiaga na Murgwanza. Ukiwa pale omba wakupime pia malaria, sukari, presha na mimba. Mimba nimeitaja kwa makusudi: mwanamke mwenye mume asianze kupanda bomba refu bila kujua hali yake. Na hedhi yako ikoje? Hukusema. Mwanamke anayejinyima chakula huku anafanya mazoezi mazito kila siku hufika mahali mwili ukafunga hedhi ili kubana matumizi, na mifupa ikaanza kudhoofika kimyakimya. Kama imekoma, mweleze daktari waziwazi, pamoja na habari ya mlo mmoja na ile chai.

Chai yenyewe iache leo, si kesho. Nyingi kati ya chai hizi hutengenezwa kwa majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unakimbilia chooni, asubuhi mizani inasoma kilo moja pungufu, unafurahi, kumbe kilichotoka ni maji na chumvi za mwili, na mafuta yako pale pale. Vidonge na unga wa kupunguza mwili ni hatari zaidi. Kuna dawa iitwayo sibutramini iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu, na tangu hapo imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoandikwa kuwa ni za mitishamba mitupu. Kitu kisichosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kilicholetwa na mtu usiyemjua kwa bodaboda, usikiingize tumboni.

Sasa tufanye hesabu, maana wewe ni mwalimu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Unataka kilo 18 zitoke kwa siku 60. Kilo 18 ni kalori 138,600. Zigawanye kwa 60, unapata 2,310 kwa siku. Mwanamke wa kimo na uzito wako, anayesimama mbele ya darasa kutwa na kupita jimu asubuhi, hutumia kama kalori 2,200 kwa siku nzima. Maana yake hata ukifunga kinywa kabisa hadi Krismasi, usionje hata kipande cha muhogo, hesabu haifiki. Lengo ulilojiwekea halina uhusiano wowote na bidii yako. Haliwezekani, basi, na kushindwa kulifikia kusikufanye ujione mvivu.

Linalowezekana ni nusu kilo kwa wiki, wiki nyingine bila kitu, na polepole zaidi kadiri unavyopungua. Krismasi itakukuta umeshusha kama kilo nne, na huo ni ushindi mkubwa, kwa kuwa kilo nne zilizotoka kwa utaratibu hazirudi haraka. Wala sioni kwa nini iwe 60. Kwa sentimita 162, kilo 65 zimo ndani ya kiwango cha kawaida cha Shirika la Afya Duniani. Jipe mwaka.

Kwa nini basi vyuma havijakupunguza? Kwa sababu vyuma peke yake havipunguzi mtu, na wewe umevinyima malighafi. Mtu akila kidogo mno, mwili hauchomi mafuta tu. Huvunja na misuli. Unaamka alfajiri kujenga, na jioni unabomoa. Kinachompa mtu ule mwili uliokatika uliouona kwenye simu ni misuli iliyobaki mahali pake huku mafuta yakiondoka taratibu juu yake. Anayejinyima tu bila mazoezi ya nguvu huweza kufika kilo 60 akiwa amelegea, amechoka, na amepoteza nguvu za kubeba hata mtoto wake.

Kuhusu kugeuka dume, waambie wenzako wa ofisini walale salama. Mwanamume ana homoni ya testosteroni zaidi ya mara kumi ya mwanamke, na hata yeye huhangaika miaka kupata kifua. Mabega yako yamejaa kwa sababu misuli iliyolala tangu siku za netiboli imeamka na kuanza kuhifadhi akiba ya sukari na maji. Bibi zetu wa Ngara walibeba mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni wakapanda vilima, na hakuna aliyewaita madume. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, tena inanyanyuliwa kutoka chini hadi kichwani, kitendo ambacho wanaume wengi wa jimu wangekishindwa wakiombwa kukirudia mara kumi.

Acha kwenda kila alfajiri. Siku tatu kwa wiki zinatosha, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwani misuli hukua wakati umepumzika. Kila siku ya vyuma uwe na kuchuchumaa na chuma begani, kuinua chuma kutoka ardhini mgongo ukiwa umenyooka, kusukuma chuma juu ya kichwa, na kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama. Seti tatu za mara nane hadi kumi na mbili, kwa uzito unaokuacha na nguvu ya kurudia mara mbili tu zaidi. Ukizoea, ongeza uzito. Hapo ndipo zege linapoleta shida: kopo la rangi la lita nne likijaa zege hukaribia kilo 10, lakini hakuna makopo mawili yanayolingana, na chuma kilichoelemea upande mmoja huvuruga mgongo. Mwombe kijana wa jimu ayapime yote kwenye mizani ya mazao na kuandika uzito kwa rangi juu ya kila kopo. Kazi ya nusu saa, na itawafaa wote mnaofanya pale.

Mizani ya kupimia mwili usiipande kila siku. Tafuta futi ya fundi cherehani upime kiuno Jumapili asubuhi. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 80 huanza kuashiria hatari ya kisukari na moyo, na kinachozidi 88 hatari imeshakuwa kubwa. Futi itakuonyesha mabadiliko wakati mizani imenyamaza, kwa kuwa mafuta yanatoka na misuli inaingia.

Sasa nguzo. Najua ndiyo uliyotaka kusikia tangu mwanzo.

Mwanamke uliyemwona kwenye simu hakukudanganya, lakini hukusikia yote. Dansi ya nguzo ni mazoezi ya kweli: inajenga mikono, mgongo, tumbo na nguvu ya kushika kwa namna ambayo vyuma vingi havifikii. Ila haiyeyushi mafuta kama unavyodhani. Watafiti wa Australia waliowapima wanawake wakiwa katika darasa la nguzo walipata matumizi ya kama kalori 280 kwa saa. Hizo ni sawa na chapati moja. Ukikesha stoo saa nzima kisha ukanywa chai ya sukari na chapati mbili, umerudi nyuma ya ulipoanzia. Kupungua kutatoka jikoni. Vyuma na nguzo kazi yake ni kuhakikisha kinachopungua ni mafuta.

Uzuri wa kuvichanganya ni kwamba kila kimoja kina upungufu ambao mwenzake anauziba. Nguzo ni kuvuta na kubana: karibu kila kitu unachofanya juu yake ni kujivuta kwenda juu au kubana kwa mapaja. Haikupi kusukuma, na miguu haiifundishi kubeba. Anayecheza nguzo tu, miezi ikipita, kifua hujikunja na mabega husogea mbele. Tena kila mtu ana upande aupendao, hupandia mkono ule ule na kuzungukia upande ule ule, na mwili unakwenda kombo. Kuchuchumaa na kusukuma chuma kwa mikono yote miwili kunarekebisha hayo. Vyuma navyo vina kasoro yake, nayo ni uchovu wa moyo. Wiki ya sita, ya saba, makopo yale yale, gereji ile ile, watu wengi hukata tamaa. Nguzo ina mbinu mpya ya kujifunza kila mara. Mtu asiyeweza kupanda leo akaweza mwezi ujao hupata furaha ambayo mizani haijawahi kumpa mtu. Kwa mtu aliyefika UMISSETA, nadhani furaha ya kushindana na kuweza ndiyo uliyoikosa miaka hii yote, zaidi ya hizo kilo.

Lakini huwezi kuanzia kwenye nguzo. Kano za bega, kiwiko na kiganja huimarika polepole kuliko misuli, na wanaoanza kwa pupa huumia hapo hapo. Anza na chuma cha mlalo, kile ambacho vijana huning'inia. Magogo mawili imara yaliyosimikwa ardhini na bomba juu yake, mwashi wa hapo Nyakahura anakimaliza kwa siku moja. Ning'inia tu, mabega yakiwa yamevutwa chini mbali na masikio. Ukifikisha nusu dakika bila kutetemeka, panda kwa kiti kidevu kiwe juu ya bomba, kisha jishushe taratibu kwa kuhesabu hadi tano. Ukiweza kujishusha hivyo mara tano mfululizo, mwili wako uko tayari kwa nguzo. Inaweza kuchukua miezi mitatu au minne, na siku hizo zote unapungua na kuimarika sawasawa na mwenye nguzo.

Lile la stoo nalikataa kabisa. Nyumba nyingi za huko kwetu zina kenchi za mbao na bati juu yake. Bomba lililobanwa kati ya sakafu na kenchi litang'oka siku utakapozunguka nalo, kwani mtu anayezunguka huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wake. Litakuangukia usiku, mlango umefungwa, mtoto kalala, mume yuko njiani. Sitaki hata kulifikiria. Nguzo ikija, iwe nje uani, mchana, na mtu wa pili awepo. Bomba la maji la inchi moja na nusu lina unene wa kama milimita 48 kwa nje, la inchi moja na robo kama 42. Nguzo za mashindano ni milimita 45, basi lolote kati ya hayo mawili mkono wako utalizunguka. Lizikwe mita moja ndani ya zege, zege likauke wiki kadhaa, na juu lishikiliwe kwa nyaya nne zilizofungwa kwenye vigingi, kama wafanyavyo wanasarakasi. Chini weka magodoro. Na kichwa chini miguu juu, hapana. Shingo ikivunjika haina fundi. Mitindo ya kupinduka hufundishwa na mwalimu aliyesimama pembeni akikushika, na mwalimu huyo Nyakahura hayupo. Kupanda, kukaa kwa kubana mapaja, kuzunguka na kushuka taratibu vinakutosha mwaka mzima. Fanya hivyo siku mbili kwa wiki, tofauti na siku za vyuma, nusu saa tu, upande wa kulia na wa kushoto sawa.

Nije kwa mama mkwe. Usimdharau. Yeye anaishi Benako, mji uliopanuka kwa kambi ya wakimbizi ya 1994 na kwa malori ya mpaka wa Rusumo, na kwa miaka mingi ameona maisha ya baa za barabarani yanavyowameza mabinti wa watu. Akiona mwanamke mwenye nguo fupi anazunguka chuma, akili yake inakwenda huko, na kwenye ngoma za baikoko na vigodoro anazozisikia kutoka pwani. Tena kwa sehemu yuko sahihi: mtindo ulio kwenye simu yako ulikulia katika vilabu vya usiku vya Marekani na Kanada kabla ya kuingia kwenye kumbi za mazoezi.

Ila nguzo ina ukoo mrefu kuliko vilabu hivyo. Wahindi wana mchezo uitwao mallakhamb, wa wacheza mieleka, ambao kwa karne nyingi wamepanda nguzo ya mti iliyosimikwa ardhini na kujipinda juu yake kujenga mwili. Mwaka 2013 jimbo la Madhya Pradesh liliutangaza kuwa mchezo wake rasmi, na 2019 mashindano yake ya kwanza ya dunia yakafanyika Mumbai. Wachina wana nguzo yao ya sarakasi. Hata hii ya kisasa ina shirikisho lake la kimataifa tangu 2009, na mwaka 2017 muungano wa mashirikisho ya michezo duniani ulilipa hadhi ya mwangalizi. Na hapa kwetu, watu wazima wengi waliokuwa wakiiona sarakasi kuwa uhuni walinyamaza walipowaona vijana wetu Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wale Ramadhani Brothers wanaosimamishana kichwa juu ya kichwa, wakishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League mwaka 2024. Mwonyeshe mama mkwe hao kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote.

Na nguo? Wanawake wa video huvaa fupi kwa sababu ya kazi: ngozi ya paja na ya kwapa ndiyo inayoshika chuma, kitambaa huteleza. Nguzo ya Kichina ina suluhisho, na nakusihi ulichukue. Yenyewe huvikwa mpira, na mchezaji huvaa suruali ndefu na mikono mirefu, kwa kuwa mpira hushika nguo, na ngozi ikigusa mpira kwa kasi huchunika. Wewe unaishi kando ya barabara ya malori. Tyubu chakavu za kukata na kuzungushia bomba kwa kubana hazikosekani Lusahunga wala Nyakanazi. Utapanda ukiwa umevaa traksuti ile ile ya siku ya michezo shuleni, na hakuna mzee atakayelazimika kugeuza uso.

Chakula nakwambia kwa urefu kidogo, sababu ndipo penye kazi. Kwa mazoezi haya mwili wako unahitaji gramu 90 hadi 100 za protini kwa siku, na mlo mmoja wa ugali wa muhogo hauwezi kuzifikisha; unga wa muhogo hauna protini ya kuhesabika, na ndizi za kupika vivyo hivyo. Lakini Biharamulo na Ngara hazina njaa ya protini kwa anayeitafuta. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kinakupa kama gramu 15. Yai moja sita. Robo lita ya maziwa nane. Konzi ya karanga, gramu 50 hivi, inakupa 13. Na dagaa wa ziwani waliokaushwa ni zaidi ya nusu protini tupu kwa uzito wao. Gramu 30 tu, konzi ndogo, zinakaribia 18. Asubuhi kula mayai mawili na kiazi kitamu kabla ya kwenda shuleni. Mchana maharage kikombe kizima, mboga za majani nyingi, na ugali au ndizi kiasi cha ngumi yako. Jioni dagaa au maharage tena, mboga, parachichi robo, maziwa. Karanga ziwe mkobani kwa saa nne ile ambayo wenzako wananunua maandazi. Sukari ya chai punguza hadi kijiko kimoja, na soda iache kwa harusi. Ukifanya hivyo utashangaa kwamba unakula mara tatu na bado kiuno kinapungua, kwa kuwa maharage na mboga hushibisha kwa kalori chache. Mafuta ya kupikia pima kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye dumu haujui kuhesabu.

Limebaki la mume wako. Mwanangu, sikiliza vizuri. Maneno aliyomwambia utingo yalikuchoma, na yalistahili kukuchoma. Lakini hajui kwamba uliyasikia. Umelijibu neno lake kwa njaa, kwa chai ya kuharisha, na sasa kwa nguzo ya siri, na yeye yuko Kigali hana habari. Kisha anakataza nguzo na wewe unaona amekukataza kumpendeza. Mnajibizana mambo mawili tofauti. Akipita nyumbani safari hii, asishuke kwenye lori akakuta mabishano ya bomba. Ale, alale, na kesho yake mwambie kwa utulivu: nilikusikia, iliniuma, nimekuwa nikijinyima hadi naona giza. Mwanamume mwenye utu akisikia hivyo atanyamaza kwanza. Baada ya hapo mweleze unataka nguvu zako za netiboli, mwonyeshe chuma cha mlalo, mwambie habari za tyubu na suruali ndefu, na umwulize kama atakusaidia kuchimba shimo.

Akikubali, vizuri. Akikataa nguzo, sitakushauri uivunje nyumba kwa ajili yake, maana kwa suala la kupungua vyuma na chuma cha mlalo vitakufikisha hapo hapo. Lakini akikataa na jimu, akikataa na chakula chako cha asubuhi, au akaendelea kukusema mwili mbele ya watu, hapo shida haipo kiunoni mwako tena. Ita mshenga na wazee wa pande zote mbili waketi naye. Na kwa Benako usipige simu. Nenda mwenyewe, mkae na mama mkwe, umwambie mwalimu wa watoto wa watu hawezi kufundisha huku anaanguka.

Jumatatu hii omba ruhusa kwa mwalimu mkuu uende hospitali kupima damu. Usiguse chuma chochote kabla majibu hayajatoka, na yakitoka niandikie.